Mrejesho: ile michoro ya zamani niliyotaka kuitupa

Habari zenu wakuu. Niliuliza nifanye nini na michoro yangu ya zamani, ya rangi za maji na ya mafuta, nikitaka kuichanganya na karatasi, vitambaa na uzi. Asanteni sana mliojibu.

Ile ya rangi za maji niliichana kwa mkono badala ya mkasi, kama mlivyoshauri. Aisee, ule ukingo mweupe wenye nyuzinyuzi unapendeza kuliko mchoro wenyewe! Nikabandika kwa gundi ya akriliki, nikalaza chini ya vitabu vizito usiku kucha. Kazi tatu zimekamilika. Kipande kimoja tu rangi ilichuruzika, nilisugua mno na brashi.

Ya mafuta, nimeharibu mmoja. Mliniambia akriliki haishiki juu ya mafuta, nikajifanya mjuaji nikaitumia hivyo hivyo. Baada ya wiki mbili ikabanduka kama ganda la kitunguu. Mwingine nimeukata vipande, nikatoboa matundu kwanza, nikavishona kwa uzi mnene. Huo umekubali.

Na uliyesema nipige picha kabla ya kuchana, ubarikiwe. Kuna mmoja tayari naujutia.