Vyuo vya kompyuta Kisumu na Nakuru: Ctrl+F9 si somo la programu!

Jameni, hili lisemwe wazi. Kuna vyuo kuanzia Kondele hadi Nakuru mjini vinavyopokea karo ya muhula mzima wa somo la lugha ya programu ya C, na mwanafunzi anatoka hajakompaili (kugeuza alichoandika kuwa programu inayoendeshwa) hata programu moja kwa kuandika amri. Anachofundishwa ni lile dirisha la buluu la Turbo C, mali ya Borland ya 1987, lililofufuliwa ndani ya DOSBox, programu inayoigiza kompyuta za zamani za DOS. Bonyeza Ctrl+F9 programu iende, bonyeza Alt+F5 uone matokeo, haya, umehitimu!

Mhitimu huyo mpe laptopu yenye Ubuntu (mfumo wa Linux) uone atakavyoduwaa. clrscr() ya kufuta skrini aliyokaririshwa haipo, na iostream.h ya C++ ya zamani inakataliwa na kompaila ya leo papo hapo.

Na kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Kwenye Ubuntu, ukiwa na bando, fungua terminali (dirisha la kuandika amri) uweke kompaila iitwayo gcc mara moja tu:

sudo apt install build-essential

Kisha andika haya kwenye faili, uipe jina salamu.c:

#include <stdio.h>
int main(void) {
    printf("Habari Kisumu!\n");
    return 0;
}

Ingia kwa cd kwenye folda yenye faili hiyo, uandike:

gcc -Wall salamu.c -o salamu
./salamu

Amri ya kwanza ikifaulu haisemi kitu. Kimya kabisa. Hapo ndipo wengi wanadhani mashine imekwama, maana hakuna aliyewaambia kwamba kimya ndiyo habari njema. Ukisahau -o, programu yako itaitwa a.out. Ile ./ nayo si pambo: ukiandika jina tupu, terminali inatafuta kwenye folda zilizotajwa katika PATH (orodha ya folda za programu) peke yake, na folda uliyosimama haimo. Imefanywa hivyo makusudi, mtu asikutegee programu yake yenye jina la amri unayoitumia kila siku.

Windows ina vituko vyake. Notepad inahifadhi salamu.c.txt huku Windows ikiuficha huo mkia wa mwisho, basi gcc inasema haioni faili na wewe unaiona kwa macho yako! Andika dir, jina kamili litajianika. Wakati wa kuhifadhi chagua All Files. Ukishaongeza folda ya kompaila kwenye PATH, funga dirisha la amri ufungue jipya, kwa sababu lile la zamani bado linashikilia PATH ya zamani. Kwenye PowerShell ni .\salamu.

Sasa linalonikera kuliko yote: noti za Word zinazorushwa kwenye grupu la WhatsApp. Word inazikunja alama za nukuu, moja inatazama kushoto, nyingine kulia. C haizijui hizo. Mwanafunzi ananakili mstari wa printf, anabandika, na gcc ya zamani inamwaga stray '\342' in program (matoleo mapya yanaitaja herufi yenyewe). Hiyo 342 ni baiti ya kwanza kati ya tatu zinazounda nukuu iliyokunjwa, imeandikwa kwa namba za msingi wa nane. Dawa yake ni kufuta alama zote mbili na kuziandika upya kwa kibodi, basi. Lakini mkufunzi anamwambia mtoto wa watu mashine yake ina virusi!

Wala msijitetee kwamba wanafunzi hawana laptopu. Simu ya Android yenye Termux (app ya terminali) inatosha: pkg install clang (kompaila nyingine ya C), halafu clang salamu.c -o salamu. Faili iwe kwenye folda ya nyumbani ya Termux, si kwenye hifadhi ya simu ile ya picha na nyimbo. Huko hakuna ruhusa ya kuendesha programu. Utapata Permission denied, na chmod, amri ya kubadili ruhusa za faili, haitakuokoa.

Makosa yakija ishirini, mfundisheni asome la kwanza tu. Nukta-mkato moja iliyosahaulika inaweza kuzaa mengine yote, na gcc ya zamani mara nyingi inauonyesha mstari unaofuata, si ule wenye kosa.

Nyongeza, kwa mnaouliza Java: javac Salamu.java, kisha java Salamu, bila .class (mkia wa faili inayoundwa na javac). Jina la klasi ya public lilingane na la faili hadi herufi kubwa. Kuanzia Java 11, faili moja unaweza kuiendesha moja kwa moja kwa java Salamu.java.