Tupeane uzoefu: kuchangisha kwa simu bila kumvua mhitaji sitara

Kina mama wa Mombasa, asalaam aleikum. Ombi la mchango la mwanamke mtandaoni mara nyingi hujulikana kabla ya kusoma jina: mikono ya hina juu ya leso, sauti ya taratibu, na mwombaji ajiita Mama fulani. Kwa alama hizo wengi huamini. Wajuzi, tufundishaneni namna ya kumchangishia mzazi au msichana mhitaji mkoba wa vifaa.

Wa Mji wa Kale: Mkoba wa mzazi: leso jozi 2, sodo kubwa za uzazi pakiti 2, nepi za kitambaa, sabuni ya mche. Leso mpya huuzwa jozi haijakatwa. Ikate, ipinde, uifue itoke wanga, la sivyo hainyonyi maji na yamkwaruza mtoto. Na soma jina, yale maandishi ya leso, kabla ya kupiga picha ya kuombea mchango! Mwanamke wa pwani husema kwa leso. Ukimpelekea mzazi kijembe cha mke mwenza, umemtukana kitandani kwake. Tafuta jina la dua.

Wa Likoni: Kwa mkoba wa msichana, sodo zionekane pichani, tusione haya. Ukiandika “mahitaji ya wasichana” utaletewa madaftari. Siku 5 kwa sodo 4 kila siku ni 20. Pakiti ya 8 haitoshi, weka 3. Na chupi 2, maana sodo hushikwa na chupi.

Wa Kisauni: Laini ya kupokea M-Pesa isiwe na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Mchango ukiingia, deni hukatwa papo hapo, na hesabu haitakaa sawa tena. Orodha ya wachangaji ya WhatsApp aiandike mmoja. Wawili wakinakili pamoja, jina moja hupotea, na lawama ni za mweka hazina. Asiyetaka kutajwa aandikwe “Mja”.

Wa Majengo: Mimi nasisitiza picha ya mpokeaji: isiwepo kabisa. Kuziba uso hakusaidii, kwani jirani atamjua kwa mlango, kwa nakshi ya buibui, kwa sauti ya mtoto akilia nyuma. Piga picha mkoba ungali kwako. Mchangaji akidai ushahidi, mpe risiti ya duka yenye tarehe. Ulezi tunaojivunia mtandaoni hauna maana tukimwanika mwenzetu. Mkoba upelekwe na wanawake wawili, baada ya Isha.

Wa Likoni: Na mkoba wenyewe ubebwe ndani ya nini?

Wa Majengo: Kapu la ukili, leso juu. Atakayewaona atadhani mwatoka sokoni.