Kumpeleka mama kruzi ya Karibi: tuanzie Galveston au twende Miami?

MtuWaLikoni
Salaam wanajamii. Mamangu anakuja toka Mombasa mwezi wa kumi na moja inshallah, atakaa kwetu Houston mpaka Februari, na mwaka huu tumekubaliana asishinde ndani peke yake na hii baridi sisi tukiwa kazini, tumchukue tupande meli ya kitalii wiki moja hivi tukaone visiwa vya Karibi, yeye, mimi, mke wangu na watoto wawili. Ana miaka 71, anajiweza alhamdulillahi ila magoti yanamsumbua, ngazi nyingi hapana, na presha anameza dawa kila siku.

Nimeona safari mbili. Moja inaondoka hapahapa Galveston, inapita Jamaika (Falmouth), Grand Cayman na Cozumel. Ya pili ni mpaka tupande ndege twende Miami, inapita San Juan ya Puerto Rico, St. Thomas na St. Maarten. Mwenzangu kazini anasisitiza hiyo ya pili kwa sababu ati San Juan na St. Thomas ni Marekani kwahiyo mama hatasumbuliwa na viza. Ni kweli? Na chakula je, yeye nyama isiyo halali hagusi. Na mawimbi? Waliowahi kusafiri na wazee naombeni mnisaidie, nataka afurahi kweli, sio aende akateseke.

BintiMakupa
Wa alaykum salaam kakangu. Kabla hujaangalia picha za fukwe fungua paspoti ya mama utazame viza, pale palipoandikwa idadi ya kuingia. Ikiwa M, sawa, anaingia Marekani mara nyingi. Ikiwa ni ya mara moja usikate tiketi yoyote, maana akishatoka na meli kurudi kwake ni kuingia upya na atakwama.

Na huyo mwenzako kazini anakupotosha bila kujua. Hizi meli kubwa karibu zote zinapeperusha bendera za nje, Bahama, Panama na kadhalika, na kuna sheria ya Marekani ya tangu 1886 inayozuia meli ya kigeni kubeba abiria kwenye bandari za Marekani peke yake, ndio maana kila safari inayoanza na kuishia Miami au Galveston lazima ipite nchi ya nje hata mara moja. Kwenye hiyo ya pili nchi ya nje ni St. Maarten. Kwahiyo ukichagua ya kwanza ukichagua ya pili, viza ya mama ya kurudi ni ileile inatakiwa.

Meksiko wenye viza ya Marekani iliyo hai hawawadai viza yao. Jamaika Mkenya anaingia bila viza kwa matembezi. Cayman iko chini ya Uingereza na ina kanuni zake, hapo andikia kampuni ya meli kwa imeili uwaambie abiria ana paspoti ya Kenya na viza ya aina gani, wakujibu kwa maandishi na utembee nalo hilo jibu. Msitegemee ya kuambiwa kwenye simu. Watoto wenu kama ni raia wanaweza kupanda hata na cheti cha kuzaliwa kwa safari za kwenda na kurudi bandari ileile, lakini mimi nasema wachukulieni paspoti, mkiachwa na meli kisiwani mtapandaje ndege bila paspoti?

NahodhaMstaafu
Mkuu dada hapo juu kamaliza ya karatasi, mimi nizungumzie magoti, maana watu wanachagua safari kwa hesabu ya visiwa, kisiwa kimoja zaidi wanaona wamefaidi, wakati kwa mzee swali la kwanza ni meli inafungaje pale inapofika.

Grand Cayman hakuna gati la meli za kitalii. Meli inatia nanga nje mbele ya George Town na abiria mnashushwa kwenye boti ndogo mpaka ufukweni, kurudi hivyohivyo. Bahari ikiwa shwari ni dakika chache tu, lakini ikichafuka ile boti inapanda inashuka ubavuni mwa meli na mtu lazima aruke hatua kwa wakati wake, mabaharia wanamshika mikono lakini kwa goti bovu ni kazi, na siku mbaya zaidi nahodha anaahirisha kabisa mnapita hivi hivi. Sisi tuliozoea kivuko cha Likoni unatembea tu kwa miguu unaingia, usidhani ni vile. Siku ya Cayman mama anaweza kubaki melini kwa raha zake, meli ikibaki na watu wachache ndio inakuwa tamu, viti vyote vyake.

Falmouth na Cozumel meli inafunga gatini, anashuka kwa daraja. Ila magati ni marefu, kutoka mlangoni mpaka teksi ni mwendo, jua kali, omba kiti cha magurudumu mapema wakati wa bukingi, sio siku ya kupanda. Na Jamaika watakuuzia safari ya maporomoko ya Dunn's River, yale mnapanda juu ya mawe yenye utelezi mmeshikana mikono, waachie vijana.

Mawimbi: chagua chumba katikati ya meli na sakafu za chini, huko juu kwenye balkoni mbele ndiko kunakoyumba. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki unahesabiwa Juni 1 mpaka Novemba 30, kwahiyo nendeni Desemba. Januari na Februari Galveston ina ukungu, mara nyingine bandari inafungwa na meli zinasubiri nje, ukishakuwa na tarehe ya kurudi kazini ni taabu. Dawa ya kichefuchefu ulizeni daktari wake kwanza sababu ya hiyo presha, sio kila kidonge kinaenda na kingine.

UmmuRayyan_MN
Nimesoma yote nikasema lazima nichangie kwenye chakula. Kampuni nyingi ukiwaandikia wiki kadhaa kabla wanapokea maombi ya halali lakini msiridhike na neno ndiyo, waulizeni nyama inatoka wapi na inapikwa chombo gani. Mkiona majibu hayaeleweki mama ale samaki, mayai, wali, mboga na matunda, vyakula hivyo melini haviishi asubuhi mpaka usiku. Mkae kwenye mkahawa wa mezani badala ya bafe, maana bafe vijiko vinahamishwa kwenye masinia na watu, na foleni za bafe kwa mtu wa magoti si nzuri pia. Mhudumu wa meza mnakuwa naye yuleyule wiki nzima, siku ya pili tu anajua bibi anakula nini. Bakshishi zao zinakatwa kwa kila kichwa kila siku, mara nyingi dola 16 mpaka 20, hata kwa mtoto, iwekeni kwenye bajeti kabisa kwa sababu bei ya tangazo haioneshi.

Kibla meli inageuka geuka kwahiyo dira ya simu kila swala, na yeye ni msafiri, ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya.

Lakini nataka niseme kwa nini mimi ningempeleka Jamaika na sio kwingine. Mama wa pwani akishuka Jamaika anaona mashelisheli, yale matunda ya kupikwa! Miti mikubwa imesimama uani kwa watu kama Mombasa. Waingereza waliileta miche toka Tahiti mwaka 1793 wapate chakula rahisi cha watumwa wa mashamba ya miwa, na leo Wajamaika wanalichoma shelisheli kwenye moto wa kuni mpaka ganda linakuwa jeusi, ndani jeupe laini. Wana mkate wa muhogo pia unaitwa bammy, unaliwa na samaki wa kukaanga. Falmouth yenyewe ni mji wa zamani wa sukari, uliotajirika kwa jasho la watu waliochukuliwa Afrika kwa nguvu, majumba ya enzi hizo bado yapo na ni mji mdogo. Mimi ningekodi teksi yenye leseni ya abiria, sahani zao ni nyekundu, mkapatana bei kabla ya kupanda, awazungushe taratibu kwa masaa mawili matatu, mama akae mbele, mkanunue shelisheli la kuchoma na samaki akaonje mwenyewe. Hii haimo kwenye safari wanazouza melini na ndiyo atakayoisimulia Mombasa. Tafadhali msimvalishe mtu yeyote nguo za rangi ya kijeshi, hata kofia ya mtoto, Jamaika ni kosa kisheria.

MtuWaLikoni
Mashallah, Mungu awalipe. Nimepiga simu nyumbani, viza yake ni M. Basi Galveston, wiki ya pili ya Desemba, chumba cha katikati. Nilipomtajia mashelisheli ameuliza kama wanapika na nazi. Swali la mwisho, bima: ya kwangu ya kazini haimhusu yeye, nifanyeje?

NahodhaMstaafu
Mkatie bima ya wageni ya afya na uhakikishe mambo mawili yameandikwa humo, kwamba inafanya kazi nje ya Marekani na inalipa kusafirishwa kwa ndege ya wagonjwa. Zahanati ya meli ina daktari lakini unalipa mwenyewe kwanza ndio unadai baadaye, na mgonjwa mzito wanamshusha kisiwani. Usisahau kusoma wanavyosema kuhusu presha, bima nyingi ugonjwa uliokuwepo kabla wanauwekea masharti. Na dawa zake abebe kwenye mkoba wa mkononi, masanduku mnayokabidhi bandarini yanaweza kufika chumbani usiku.