Naomba ushauri: tunashindwa kushikilia nota zinazogongana

Habari zenu wapendwa, hasa walimu wa kwaya. Niko hapa Boston, tuna kikundi cha kina dada nane, wote tumekulia kwaya za kanisani Tanzania na Kenya. Kilichotuwasha ni Lorelei Ensemble, waimbaji wa kulipwa, wanawake watupu, Beth Willer aliwaanzisha hapa hapa Boston 2007 na kazi yao kubwa ni kuagiza nyimbo mpya kwa watunzi walio hai. Nikasema na sisi tujaribu jamani, kijana mmoja anayesomea utunzi akatuandikia wimbo bure, sauti nne bila kinanda.

Sasa tumekwama ukurasa wa pili. Sauti ya kwanza inashika nota, ya pili iko nusu toni chini yake, mnatakiwa mkae hapo mapigo manane, na kila mara hiyo sauti ya pili inapanda polepole mpaka tunajikuta wote tuko kwenye nota moja. Nimewatenganisha kila sauti kona yake, nimewapigia kinanda, tumerekodi kwenye simu kila mtu akafanye mazoezi kwake, tukikutana Jumamosi ni yale yale. Na pale wakipatia hata sekunde mbili nywele zinasimama, kwa hiyo sitaki kumwambia mtunzi abadilishe.

Mnawazoeshaje waimbaji kushikilia mgongano kama huo? Na pili, watano wetu wanasoma solfa tu (do, re, mi) na wimbo hauna kii ya kueleweka, yaani nota moja ya msingi, hiyo do naiweka wapi, au nianze tu kuwafundisha nota za mistari?

Natanguliza shukrani.