Efeso kwa siku mbili nikiwa na mama, safari ya kuongozwa inafaa?

binti_wa_kkoo:

Habarini wadau, naombeni ushauri kwa aliyewahi kufika. Mimi naenda Istanbul kila baada ya miezi minne mitano kuchukua mzigo pale Laleli, nguo za watoto na mapazia, na safari hii ya mwezi wa tano naenda na mama yangu mzazi maana nilimwahidi tangu mwaka juzi. Nikishafunga mzigo na kuukabidhi kago nabaki na siku mbili kamili kabla ya ndege ya kurudi Dar. Mama hataki habari za maduka wala kupanda boti, anataka kitu kimoja tu, kuiona Efeso. Amefundisha shule ya Jumapili zaidi ya miaka 30, Waraka kwa Waefeso anausoma bila kufungua kitabu, sasa aliposikia kwamba mji wenyewe bado upo na uko Uturuki hukohuko ninakonunulia mapazia alinyamaza kwanza, halafu akasema "kumbe miaka yote unapita karibu na alikopita Paulo na hujaniambia".

Wakala mmoja wa Istanbul kaniambia kuna safari ya siku moja, mnaondoka alfajiri kwa ndege mpaka Izmir, mwongoza watalii anawapokea, mnazungushwa, usiku mmerudi. Siku moja inatosha kweli? Mama ana miaka 68 na magoti yanamsumbua, ngazi anapanda ila taratibu. Na hayo magofu yanaeleweka ukiyaangalia au ni mawe yamelala tu? Sitaki asafiri kote huko halafu arudi amekata tamaa.

msafiri_wa_tanga:

Dada mpeleke mama, usifikirie mara mbili. Nilienda 2024 na kundi la watu 14 na nakwambia sio mawe yamelala, ni mji. Unaingia unatembea barabarani, barabara yenyewe ya marumaru, kulia na kushoto nguzo, sanamu, mabafu, mahekalu, na hata vyoo vya umma, benchi refu la jiwe lina matundu mfululizo watu walikaa bega kwa bega na maji yanapita chini yake. Halafu unashuka unashuka, ghafla mbele yako inasimama ile maktaba ya Celsus. Mimi sio mtu wa historia lakini pale nilisimama.

Sasa sikiliza kuhusu magoti. Efeso ina mageti mawili, la juu na la chini. Hakikisha kabisa kabla hujalipa kwamba mnaingilia geti la JUU na kutokea la chini, ili safari yote iwe ya kuteremka, na gari liwasubiri chini. Ni kama kilomita mbili ukihesabu na kuzungukazunguka. Ukiingilia chini mama atapanda mlima juani na kivuli hamna. Marumaru imesuguliwa na miguu ya watu miaka mingi inateleza hata ikiwa kavu kwahiyo avae raba zenye soli ya kushika, sio ndala wala viatu vya kanisani. Kofia na maji. Geti linafunguliwa saa mbili asubuhi, muwe hapo saa mbili, kwa sababu meli kubwa za watalii zinatia nanga Kuşadası karibu na hapo na kuanzia saa nne mabasi yanamwaga watu huwezi hata kupiga picha.

Kiingilio peke yake nililipa yuro 40, muulize wakala kama bei yake ina kiingilio ndani au utakuja kuambiwa mlangoni.

Kitu kilichoniuma ni hiki. Kundi letu tulikaa ndani ya Efeso saa moja na nusu tu, halafu tukapelekwa duka la makoti ya ngozi tukakalishwa saa nzima, baadae tena kwenye mazulia. Chai wanakupa, heshima wanakupa, lakini muda ule ulikuwa wa kwetu na tuliulipia. Wengi wana mtindo huo. Mwambie wakala akuandikie kabisa kwamba hakuna duka, akikataa tafuta mwingine.

mwanafunzi_izmir:

Nipo huku nasoma mwaka wa nne sasa, nimeshawapeleka wageni wengi. Shikamoo kwa mama kwanza.

Ushauri wangu achana na hiyo ya kwenda na kurudi siku moja. Alfajiri uwanja wa ndege, usiku uwanja wa ndege, mtu wa miaka 68 atalala kwenye basi badala ya kuangalia. Una siku mbili, zitumie. Siku ya kwanza ruka mchana, Istanbul mpaka Izmir ni kama saa moja angani, pale uwanjani kuna stesheni ya treni inayoenda Selçuk, ni kama saa moja nyingine na nauli ni ndogo sana. Ila treni ni chache kwa siku angalia ratiba kabla. Selçuk ndio mji mdogo ulio jirani na magofu, kuna nyumba za wageni nzuri za kifamilia, mnalala hapo, asubuhi mnakuwa wa kwanza getini. Dolmuş zipo, hizo ndio daladala za huku, lakini kwa sababu ya mama chukua teksi mpaka geti la juu.

Na mwongozaji mimi sioni umuhimu wake, vibao vipo vya Kiingereza na kwenye simu utasoma kila kitu.

mwl_historia_mza:

Mwanafunzi nakubaliana na wewe kwenye kulala Selçuk, nakukatalia kwenye mwongozaji. Kibao kitakwambia jina la jengo na mwaka, basi. Chukua mwongozaji wa nusu siku, wa kwenu wawili tu, mwenye kitambulisho cha leseni shingoni, ni tofauti kubwa.

Nakupa mfano mmoja. Pembeni ya ile maktaba kuna geti la matao matatu linaloingia sokoni, kila mtu analipita kwa sababu macho yapo kwenye maktaba. Lile geti lilijengwa na watumwa wawili waliokuwa wameachwa huru, Mazaeus na Mithridates, kwa heshima ya Kaisari Augusto na jamaa yake waliowaachia uhuru, miaka mitatu minne hivi kabla ya Kristo. Majina yao yamechongwa pale juu mpaka leo. Na maandishi yake ni lugha mbili, Kilatini pembeni na Kigiriki katikati, hapo ndipo unapouona mji wenyewe ulivyokuwa, Wagiriki ndio waliouanzisha, Warumi wakaja kuutawala na kuufanya makao makuu ya jimbo la Asia, lakini sokoni na majumbani Kigiriki kiliendelea. Hata Paulo barua zake kaziandika Kigiriki. Mimi nilikaa chini ya lile tao nikayasoma yale majina polepole, nikafikiria ni wangapi walipita sokoni pale wakiuzwa na hakuna aliyechongewa jina.

Maktaba yenyewe ni kaburi pia, watu wengi hawajui. Celsus alikuwa gavana wa jimbo, mwanawe Aquila akaijenga kumuenzi baba, ikamalizika karibu na mwaka 135, na baba kazikwa chini yake kwenye jeneza la marumaru. Ule uso wa ghorofa mbili ulikuwa umeanguka chini, wanaakiolojia wa Austria ndio waliouinua tena kipande kwa kipande miaka ya 1970. Sanamu nne za wanawake unazoziona ni nakala, za asili ziko Vienna. Na imeelekea mashariki ili wasomaji wapate mwanga wa asubuhi, hiyo sababu nyingine ya kuwahi.

Tahadhari moja, kwenye barabara ya marumaru mtaonyeshwa alama ya mguu imechongwa chini na mtaambiwa ni tangazo la danguro. Wataalamu hawajakubaliana kabisa kuhusu hilo, msikilize tu mpite.

Na muulize mwongozaji bahari iko wapi. Efeso ilikuwa bandari, barabara ile pana chini ya ukumbi mkubwa wa maigizo ilikuwa inaishia kwenye maji. Mto ukaleta matope miaka na miaka bandari ikazibwa, leo bahari iko kilomita kadhaa na pale kilichobaki ni nyasi na magugu. Sisi wa miji ya bandari tunaelewa hiyo maana yake nini kwa mfanyabiashara.

mwanafunzi_izmir:

Mwalimu nimekuelewa, hilo la watumwa nimepita pale mara nane sijawahi kulijua. Nafuta kauli kuhusu mwongozaji.

abu_kilindini:

Assalam aleikum. Mimi naongeza la upande wetu. Nyuma ya kilima cha Efeso kuna pango wanaloliita la Vijana Saba, ndio kisa cha Watu wa Pangoni, vijana waamini waliolazwa usingizi pangoni miaka mingi, tunachokisoma kwenye Surat al-Kahf kila Ijumaa. Kuna miji mingine pia inayosema pango ni la kwao, Jordan wanalo, Tarsus wanalo, Allah ndiye ajuaye. Lakini Wakristo wa zamani wengi walikitaja kisa hiki kuwa ni cha Efeso. Hakuna kiingilio cha maana, ni makaburi yaliyochimbwa kwenye mwamba na uzio, unasimama nje unaangalia. Nilisimama pale na mke wangu tukasoma aya chache tukaondoka, dakika 20, na kwangu mimi zilikuwa nzito kuliko siku nzima.

Na Selçuk pale chini ya ngome kuna msikiti wa Isa Bey wa mwaka 1375. Nguzo zake baadhi zimetoka kwenye magofu ya Efeso. Ukisimama kwenye kile kiwanja cha msikiti unaona kanisa la Yohana lililobomoka juu, na chini bondeni ile nguzo moja iliyobaki ya hekalu la Artemi, mungu wa kike wa Waefeso wa kale. Mtazamo mmoja, dini tatu. Mpeleke mama hata kama sio wa dini yetu, atakaribishwa, achukue mtandio tu.

msafiri_wa_tanga:

Aaah na nilisahau jambo la muhimu, usiokote jiwe. Hata kadogo, hata kigae. Sheria ya Uturuki ni kali kwenye vitu vya kale na mizigo inakaguliwa uwanjani. Mwambie mama mapema maana wazee wetu wanapenda kuchukua ukumbusho.

binti_wa_kkoo:

Wadau tumerudi salama Dar, nilisema nitaleta mrejesho.

Tulifuata ya mwanafunzi na mwalimu, tukalala Selçuk, tukachukua mwongozaji wa peke yetu nusu siku, baba mmoja mtu mzima mpole sana, Kiingereza chake cha taratibu na mimi namtafsiria mama. Geti la juu saa mbili kasoro. Hakuna watu, ni paka tu, jamani paka wa Efeso ni wengi na wamenenepa wanalala juu ya vichwa vya nguzo kama mito.

Kwenye zile nyumba za matajiri, zile zilizoezekwa paa, mama hakuingia maana ndani ni ngazi tupu, kwahiyo mwenye magoti asilipie hiyo. Mimi niliingia haraka, ukuta bado una rangi nyekundu na ndege wamechorwa, na kuna meza ndefu wataalamu wamepanga vipande vya marumaru maelfu wanatafuta kipi kinaingia wapi. Nimetoka nimemkuta mama kakaa na paka miguuni anaimba tenzi kwa sauti ya chini.

Sasa ule ukumbi wa maigizo, wa wazi usio na paa. Ni mkubwa kupita nilivyofikiria, unaingiza watu 24,000 na zaidi, umechimbwa kwenye ubavu wa mlima. Tumekaa safu za chini kabisa na mwongozaji akasema hapa ndipo Paulo alipohubiri. Mama akanishika mkono, akasema mwambie hapana. Akatoa Biblia yake kwenye mkoba, Matendo 19, akasoma kwa Kiswahili na mimi natafsiri, Demetrio fundi wa fedha alivyowachochea wenzake kwa sababu biashara yao ya vihekalu vya Artemi inakufa kwa mahubiri ya Paulo, mji ukajaa ghasia, wakawaburuta Gayo na Aristarko mpaka humu, Paulo akataka kuingia kwa watu na wanafunzi wakamzuia asiingie. Watu wakapiga kelele saa mbili nzima, Artemi wa Waefeso ni mkuu. Mama alisoma hiyo kwa sauti kubwa bila kujua, na pale sauti inasafiri, kuna familia ya Wakorea safu za juu waligeuka wote wakatuangalia. Yule mwongozaji akaomba aandikiwe sura na mstari, akatoa kijidaftari, akasema amefanya kazi hii miaka 22 na kesho atasema sawasawa.

Mimi mfanyabiashara, nilichokisikia zaidi ni habari za Demetrio. Alikuwa anaogopa mauzo. Nimekaa pale kwenye jiwe namuelewa kabisa na najua alikosea.

Kabla ya kwenda uwanja wa ndege tukapita hekalu la Artemi, lile lililokuwa moja ya maajabu saba ya dunia. Imebaki nguzo moja imeungwaungwa, inasimama kwenye kinamasi, na juu yake korongo kajenga kiota. Mwongozaji alitueleza korongo wale wakati wa baridi ya kule wanaruka kwenda Afrika, wengi wanapita kwetu mashariki, halafu wanarudi kuzaa. Mama akamwangalia yule ndege muda mrefu, akasema "huyu anaijua Dodoma kuliko wewe".

Abu_kilindini, msikitini tulifika, tulipokelewa vizuri, mama akakaa kivulini kwenye kiwanja. Pango muda haukutosha, samahani sana, tuliona barabara yake tu.

Jiwe hakuokota. Alipiga picha ya nguzo na korongo, kaichapisha kwa saizi kubwa pale Kariakoo na Jumapili hii anaenda nayo darasani kwa watoto.