Je, dansi ya wawili humkuza mtu, au humfundisha hatua tu?

Mguu_Mzito (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kwa muda sasa ninahudhuria darasa la salsa, na hivi karibuni nimeanza pia tango. Nilijiunga kwa sababu mimi ni mtu mwenye haya: hata kuuliza swali mkutanoni hunitoa jasho, na nilikuwa nimesikia wengi wakisema kwamba dansi ya wawili iliwapa ujasiri. Hatua za msingi ninazijua, lakini mambo mawili yananitatiza. Nikicheza na mwenzangu wa kawaida kila kitu huenda sawa, ila nikipewa mtu mwingine ninakuwa kama sijawahi kufundishwa chochote. Tena, nje ya ukumbi sioni badiliko lolote. Je, huko kukua kunakosemwa ni jambo la kweli, na kama ni la kweli, hutokana na nini hasa? Mimi ndiye ninayeongoza, ikiwa hilo lina uzito katika majibu yenu.

Mshiko_Mwepesi

Mleta mada, hayo mawili naona yana mzizi mmoja. Watu wawili wanaocheza pamoja kila mara huishia kukariri. Kila mmoja anajua kinachofuata, kwa hiyo hakuna anayelazimika kumsikiliza mwenzake. Akija mtu mgeni, kumbukumbu hiyo haina kazi, na hapo ndipo inapojulikana kama kweli unaongoza au unatembeza mpango uliouzoea.

Kuongoza si kuvuta mkono. Ishara huanza mwilini, katika namna unavyohamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na mkono hufuata baadaye. Unapomwalika mwenzi azunguke, unamfungulia nafasi. Akiipokea kwa namna ambayo hukuitarajia, unatakiwa uendelee kutoka pale alipo badala ya kumrudisha kwa nguvu kwenye ulichokipanga. Binafsi naona mazoezi hayo, ya kutoa wazo lililo wazi na kukubali jibu tofauti, ndiyo yanayomkuza mtu, na hayapatikani kwa kuongeza mitindo kumi mipya.

Jaribu pia kutazama ukimya wako. Katika hesabu ya salsa inayofundishwa madarasani, kwa kawaida tunakanyaga kwenye 1, 2, 3 na 5, 6, 7, na mapigo ya 4 na 8 hupita bila hatua mpya. Wenye haya huyameza mapigo hayo mawili, kwa sababu kutulia mbele ya mtu anayewatazama kunawatisha kuliko kukosea hatua. Kwenye tango hali huwa wazi zaidi, maana kusimama ni sehemu ya dansi yenyewe. Cheza wimbo mzima kwa kutembea na kusimama tu, bila mapambo, na kila mtu darasani, wakiwemo wale unaowaogopa.

Nafuata_Naongoza

Ninaandika kutoka upande wa kufuata, ambao mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kazi ya kutii. Anayefuata hubeba uzito wake mwenyewe, huamua ukubwa wa hatua yake, na hujizuia asitangulie kukisia. Hilo la mwisho lilinichukua muda mrefu kuliko mzunguko wowote, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kuwatimizia watu matakwa yao kabla hawajayasema. Jambo jingine ambalo dansi ilinifundisha ni kusema kwa upole, wimbo ukiendelea, "Tafadhali, legeza mshiko." Mleta mada, mwombe mwalimu akuruhusu kufuata kwa vipindi kadhaa. Utahisi mwilini mwako jinsi ishara isiyoeleweka inavyomchosha mtu, na utaacha kumlaumu mwenzi mgeni.

Pigo_la_Nane

Nakubaliana na wachangiaji wawili wa juu kuhusu dansi, ila kuhusu kuondoa haya naomba kupunguza chumvi. Wapenda dansi hupenda kutaja utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la New England Journal of Medicine, uliowafuatilia watu 469 wenye umri wa zaidi ya miaka 75, ambapo kucheza dansi kulihusishwa na uwezekano mdogo wa kupata dimenshia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili. Matokeo hayo yanatia moyo, lakini watafiti walitazama mazoea ambayo watu hao tayari walikuwa nayo. Inawezekana kwamba waliokuwa wameanza kudhoofika akili ndio walioacha dansi mapema. Isitoshe, utafiti huo haukupima ujasiri.

Ukumbi wa dansi una kanuni zinazombeba mtu mwenye haya. Katika tango la jadi, mwaliko hufanywa kwa macho na kutikisa kichwa kidogo kutoka mbali, na kukataa ni kuangalia kwingine tu, kwa hiyo hakuna anayeaibika hadharani. Nyimbo hupigwa kwa mafungu, kwa kawaida tatu au nne, na fungu likiisha mnaachana bila kutafuta kisingizio. Mkutano wa kazini hauna msaada wa namna hiyo, na ndiyo maana sishangai kwamba ujasiri wako unabaki mlangoni. Ninachotofautiana na Mshiko_Mwepesi ni hiki: kusikiliza vizuri zaidi hakutakuondolea haya. Kuomba dansi kwa mdomo, kwa mtu usiyemjua, huku ukijua kwamba anaweza kukataa, ndilo zoezi linalofanana na maisha ya nje, na wengi wetu hulikwepa kwa kujificha kwa wenzi tuliowazoea.

Mguu_Mzito (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Nitaomba nafasi ya kufuata katika darasa la wanaoanza. Pigo_la_Nane, mtu akinikataa, nimjibu nini?

Pigo_la_Nane

Sema, "Hakuna shida, asante," kisha uende zako. Usimuulize sababu, na usimrudie usiku huohuo isipokuwa yeye mwenyewe akuite. Ukimwona anacheza wimbo uleule na mtu mwingine, hilo nalo ni haki yake.