Makarani wa kura za AMCOS kwa vishikwambi: nifundishe hatari zipi kwa nusu siku?

Mwl_Mafinga
Kamwene wakuu. AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja ya chai huku Mufindi inachagua bodi mpya, na safari hii wanachama watapiga kura kwa vishikwambi vyenye printa ndogo ya risiti pembeni, inayochapa kila kura kwenye kikaratasi. Vituo 4, wanachama kama 600. Nimepewa makarani 12 wa kuwafundisha. Wengi ni walimu walioshika vishikwambi kwenye Sensa ya 2022, kuwasha na kubonyeza hakuwasumbui. Nataka wajue mambo huharibikia wapi. Nianze na udukuzi?

Kitalu_Na9
Udukuzi weka mwisho, dakika kumi zinatosha. Karani hawezi kuiona programu iliyochezewa. Anachoweza kuona ni lakiri (kifungio chenye namba) iliyokatika na hesabu isiyolingana. Na hao wa sensa ndio wa kuwaangalia zaidi: kwenye sensa ukikosea unarudi kaya ile ile unauliza upya. Kura haina jina, ikipotea humjui wa kumrudia.

Muda wako mwingi uishie kwenye ile saa moja kabla ya kufungua kituo. Mbele ya mawakala wa wagombea, soma namba ya lakiri kwa sauti, linganisha na fomu ya makabidhiano, ndipo ukate. Washa, chapa ripoti ya sifuri (kuonyesha hakuna kura ndani), mawakala wasaini. Kisha kura za majaribio: ziandikeni kwanza kwenye karatasi, tuseme mgombea wa kwanza 7, wa pili 3, wa tatu 10, mbonyeze hivyo hivyo, mchape, mlinganishe. Msiwape wote kura sawa, maana majina yakiwa yamebadilishana nafasi hamtaona kitu. Halafu futa, chapa sifuri ya pili, na vikaratasi vya majaribio vitoke sandukuni viingie kwenye bahasha yenye lakiri yake.

Hapo pa kufuta ndipo watu huanguka. India hupiga angalau kura 50 za majaribio kila kituo, na bado mwaka 2019 kuna wasimamizi waliosahau kuzifuta. Kwenye semina mpe kila karani kishikwambi chenye kura za majaribio ulizoziacha makusudi, uone nani atagundua kabla hajamwita mpiga kura wa kwanza.

FundiRedio_Iringa
Mimi naongezea ya vifaa. Betri iliyolala kwenye ofisi ya baridi inaweza kukuonyesha asilimia 60 halafu kishikwambi kikazima ghafla. Vishikwambi vilale chumba chenye joto la watu, chini ya ulinzi, na kila kimoja kiwe na pawabenki ya mAh 20,000. Usitegemee soketi ya darasani. Kenya mwaka 2013 kompyuta za kutambua wapiga kura ziliishiwa chaji vituoni, wakarudi kwenye daftari la karatasi.

Printa iunganishwe kwa waya, Bluetooth na Wi-Fi vizimwe. Karatasi ni ile ile ya risiti za EFD (mashine za risiti za kodi madukani), upande mmoja tu ndio unaoandika. Roli ikiwekwa kinyume printa inasukuma karatasi nyeupe tupu na kelele zake zote, kumbe haijachapa chochote. Kwaruza kwa ukucha: upande unaoacha mstari mweusi ndio wa kuelekea kwenye kichwa cha printa. Jua huifuta na joto kali huitia weusi, kwa hiyo sanduku lisikae karibu na jiko la mkaa. Mwisho wa siku tumia bahasha ya kaki, si mfuko wa nailoni.

Wachumaji wenye sugu, skrini huwa haiwasikii. Wabonyeze kwa ubapa wa kidole, si ncha. Karani asimbonyezee mtu! Weka kishikwambi cha mazoezi nje, chenye picha za matunda.

Bi_Hesabu
Mwalimu, kwanza waulize waliokukodishia: kikaratasi kinakatwa na kuanguka sandukuni, au kinabaki kwenye roli? Kikibaki, mpangilio wa kura ndio mpangilio wa foleni, na mwenye kukumbuka waliopita anajua nani kampa nani. Kwa sababu hiyo hiyo karani aweke tiki tu daftarini, asiandike saa wala namba ya foleni.

Na kama hakuna karatasi kabisa, ningekataa kazi. Namibia ilitumia mashine bila karatasi mwaka 2014, Mahakama ya Juu yao ikaja kusema 2020 kwamba si sawa kikatiba.

Kufunga kituo ni namba tatu: tiki za daftari, jumla ya kishikwambi, vikaratasi vya sandukuni. Tiki 148, mashine na karatasi 147: huenda mtu alitoka bila kumaliza, andikeni hivyo. Mashine 148, karatasi 147: angalieni kwenye kikatio cha printa kabla ya kunyoosheana vidole, vikaratasi hukwama pale. Kipi kinashinda vikitofautiana kiandikwe kwenye kanuni kabla ya siku yenyewe. Mimi nasema karatasi.

Mwl_Mafinga
Ahsanteni sana. Na kikizima mtu akiwa katikati ya kupiga?

Kitalu_Na9
Kikaratasi kimeanguka? Amepiga, asirudie. Hakikutoka? Atapiga upya. Andika tukio kwenye kumbukumbu bila jina lake, mawakala wasaini. Kishikwambi kirudi kwenye kasha na lakiri mpya, asikiguse fundi yeyote pale kituoni, hata akiwa mpwa wa mwenyekiti. Endeleeni na kura za karatasi. Kila kituo kibebe 150 tangu asubuhi.